Fedha Ikikatwa Kama Samaki wa Chumvi

Msomaji wetu mmoja wa Vitshumbi, kule kusini mwa Ziwa Edward, ameuliza swali ambalo sijaweza kuliacha. Alisikia redioni habari za Mtanzania aliyebuni chujio la maji lenye "nano" ndani yake. Nano ni dawa gani, na je, itayaweza maji ya ziwa wanayoyachota kila asubuhi?

Mtanzania huyo ni Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, alikokunywa maji machafu na kuugua kama wenzake. Alisomea uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, akiichunguza silika, kitu kile kile kinachoufanya mchanga uwe mchanga. Kisha akarudi nyumbani kufundisha na kutafiti katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2015, Royal Academy of Engineering ya Uingereza ilimtunuku Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, ya kwanza kutolewa, pamoja na pauni 25,000. Kampuni yake ameiita Gongali Model, jina la kijijini kwao.

Nano si dawa. Ni kipimo: ukiigawa milimita moja mara milioni, kila kipande ni nanomita. Vipande vya ukubwa huo tuviiteje kwa Kiswahili? Neno lenyewe la Kigiriki lina maana ya mtu mfupi mno, na mwenzangu mmoja alipendekeza "chembe mbilikimo". Nilikataa papo hapo. Huku kwetu Kivu na Ituri watu hurushiwa neno hilo usoni, na sitalitia katika sayansi. "Vumbi" nalo halifai, maana vumbi unaliona likielea kwenye mwali wa jua. "Nanochembe" limegeuzwa kichwa chini, kwani Kiswahili hutaja kitu kwanza, sifa baadaye. Basi nasema chembenano, na naomba walimu wanisaidie kulisambaza.

Sasa tuje kwenye uzuri wenyewe. Mtazame mama wa Vitshumbi anapoandaa tilapia wa kutia chumvi. Hamtupii chumvi samaki mzima, maana nyama ya ndani ingeoza kabla chumvi haijafika. Anampasua, anamlaza wazi kama kitabu, kisha anamchanja nyama, chale baada ya chale, na kusugua chumvi kwa kidole katika kila chale. Samaki hajaongezeka hata gramu moja. Kilichoongezeka ni uso. Kila kisu kinapopita, nyuso mbili zinazaliwa pale ambapo hapakuwa na hata mmoja, na chumvi huanza kazi usoni.

Chukua basi kipande cha madini ya fedha chenye pande sawa, sentimita 1 kila upande. Kina uzito wa gramu 10 na nusu hivi, na nyuso zake zote sita ukizijumlisha ni sentimita 6 za mraba. Kikate katikati kwa kila upande, upate vipande 8: nyuso sasa ni sentimita 12 za mraba. Endelea kukata. Kila kipande kikifikia upande wa nanomita 10, fedha ile ile, kwa uzito ule ule, ina uso wa mita 600 za mraba. Hicho ni kiwanja cha mita 20 kwa 30, na bado kinaenea kiganjani!

Uso huo ndio silaha dhidi ya vijidudu. Atomu iliyofichwa katikati ya pande la fedha haikutani na maji kamwe, kama nyama ya ndani isiyoonja chumvi. Katika chembe ya nanomita 3 hivi, karibu nusu ya atomu ziko nje. Maji yenye oksijeni huzibandua moja moja zikiwa ioni, nazo hunasa kwenye salfa iliyomo katika protini za bakteria, hutoboa utando wake na kukata pumzi yake.

Hapa mfinyanzi naye ana nafasi yake. Mwaka 1981, Fernando Mazariegos wa Guatemala alibuni chungu cha kuchujia: udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na unga wa mbao. Tanurini unga huungua na kuacha vijia vyembamba, kisha chungu hupakwa fedha ya chembenano. Maji hudondoka lita 1 hadi 3 kwa saa. Chungu hicho si kamili: kuna virusi vinavyopenya, na fedha huisha.

Chujio la Hilonga hutanguliza mchanga, kisha chembenano zinazochaguliwa kufuatana na maji ya mahali. Arusha adui mkubwa ni floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Vitshumbi, ambako viboko, marabu na watu hutumia ufuko mmoja, adui ni vijidudu, na kipindupindu ndicho cha kwanza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kazi inaanza na chupa ya maji yenu mezani kwa mkemia. Kwa sasa, akiwapo ufukweni mtu wa kutia klorini kwa bomba la sindano, msimpite. Akishatia dawa katika bidoni yako ya lita 20, itikise, uiache dakika 30 ndipo unywe.