Sare, Ukimya na Kiongozi Asiyeulizwa: Somo kutoka Kanungu



Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo hapa Mpanda alinisubiri baada ya Misa ya pili, akiwa na swali aliloanza kwa kuliombea radhi. Binti yake amejiunga na kikundi cha sala. Yeye na wenzake huvaa gauni jeupe na mshipi wa rangi moja, hupiga magoti kwa namna moja, na hufunga siku wanazoambiwa. “Padre, sare hiyo ni dhambi?” Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa amevaa kitenge cha WAWATA. Tulicheka, lakini hakuondoka, kwa maana swali lake halisi lilikuwa jingine: binti haulizi tena jambo lolote, na akiulizwa hujibu kwa maneno ya kiongozi wake.

Kuhusu sare yenyewe, Kanisa halina ugomvi nayo. Wanakwaya wana sare, watawa wana vazi lao, na Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 42, yanafundisha kwamba mkao mmoja wa waamini wakati wa ibada ni ishara ya umoja wao. Basi tusimhukumu mtu kwa kanzu. La kupima ni vazi hilo linamfunga mtu kwa nani, na kama anaweza kulivua bila kupoteza kila kitu.

Nilikuwa mseminari kijana habari za Kanungu zilipotufikia. Machi 17, 2000, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya waamini wa Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la sala. Milango na madirisha vilikuwa vimepigwa misumari. Baadaye yakapatikana makaburi ya halaiki katika nyumba nyingine za kundi hilo, na hesabu zilizotolewa zikapita watu 700. Oktoba ya mwaka huohuo Jimbo letu la Mpanda lilizaliwa, likimegwa kutoka Sumbawanga. Kwa hiyo umri wa jimbo hunikumbusha daima umri wa msiba ule.

Wengi wa watu hao walikuwa Wakatoliki, wenye kusali rozari na kumheshimu Bikira Maria. Credonia Mwerinde alidai kutokewa na Mama Maria. Joseph Kibwetere, mtu aliyeheshimika katika jamii na Kanisa, akampokea pamoja na njozi zake. Akaungana nao Dominic Kataribabo, padre msomi aliyekuwa amesoma hadi Marekani. Nikiri kwamba jina hili la mwisho ndilo huniuma zaidi. Uwepo wa padre uliwafanya wanyonge wengi waamini kwamba wangali nyumbani, ingawa uongozi wa Kanisa ulikwisha kulikataa kundi hilo.

Tazama sasa jinsi desturi zao zilivyofanya kazi. Mavazi yalikuwa ya rangi: weusi kwa wageni, kijani kwa waliopanda ngazi, kijani na nyeupe kwa waliofika juu. Hapo sare haikusema tena “sisi ni wamoja”. Ilitangaza nani ametii kiasi gani, na kila mmoja akawa mlinzi wa jirani yake. Mazungumzo ya kawaida yalizuiwa, watu wakawasiliana kwa ishara za mikono, kwa hoja ya kuogopa kuvunja amri inayokataza kushuhudia uongo. Hoja hiyo inasikika kama utakatifu. Lakini mwenye shaka asiyeweza kumnong'oneza mwenzake hudhani yupo peke yake. Mke na mume walitenganishwa, watoto wakaondolewa kwa wazazi. Mali iliuzwa na fedha kukabidhiwa viongozi, hivyo aliyetamani kurudi hakuwa na shamba la kurudia. Mwisho wa nyakati ulitabiriwa kuja mwishoni mwa 1999. Ulipopita bila kutokea, baadhi walianza kudai mali zao. Wiki chache baadaye ukaja moto.

Kundi hilo lilisema linarejesha Amri za Mungu, lakini kwa kweli sauti ya kiongozi ndiyo iliyokuwa amri. Mwaka 2023 jirani zetu wa Kenya waliyaona hayo tena katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Kristo.

Huenda mtu akauliza: je, watawa hawatii? Wanatii, na kwa nadhiri. Lakini Kanisa, kwa kuijua hatari hiyo, limeuwekea utii mipaka. Unovisi hudumu angalau miezi 12, na mnovisi yuko huru kuondoka. Kwa kawaida mkubwa wa shirika hushika madaraka kwa kipindi maalumu. Kanuni ya 630 inamkataza kumshawishi mtawa kwa namna yoyote amfunulie dhamiri yake, na inawahakikishia watawa uhuru kuhusu kitubio. Nadhiri iliyotolewa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, au kwa hila, ni batili (kanuni ya 1191). Anayedai utii unaozidi ule wa mtawa, kutoka kwa binti wa miaka 19 aliyejiunga mwezi uliopita, amejipa mamlaka ambayo hata abati hana.

Nilimwomba mama yule asiichome ile gauni, kama kaka wa binti alivyokusudia, wala asimtukane kiongozi wake mezani. Angemthibitishia tu kwamba familia ni adui. Nilimpa maswali matatu ya kumuuliza kwa upole. Paroko wenu anakijua kikundi hiki? Fedha mnazotoa zinasomwa hadharani? Aliyeondoka mnamsalimia? Swali la tatu ndilo lililomnyamazisha binti, mama alinieleza Jumapili iliyofuata. Bado anakwenda huko, lakini jioni hiyo alikaa jikoni na mama yake hadi usiku, akaomba namba ya rafiki yake mmoja aliyeacha kikundi mwezi Januari.