Biashara ya DJ mpakani: wapi pa kutia hela kwanza

Tunduma huishi kwa watu wanaopita. Malori ya Zambia na Kongo bado hulala hapa yakisubiri nyaraka, hata baada ya Marais John Magufuli na Edgar Lungu kuzindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde Oktoba 2019. Madereva, mawakala wa forodha na wabadilisha kwacha ndio wanaojaza baa usiku. Ukielekea Mlowo na Vwawa soko linageuka: hiyo ni Mbozi, wilaya ya kahawa, na harusi huko zinategemea hela ya mavuno. Baa inampa DJ kazi ya kila wiki kwa malipo madogo. Harusi inalipa vizuri mara moja, na ukumbini kuna wajumbe wa kamati nyingine za harusi wanaosikiliza.

Vijana wengi wakipata mkopo hukimbilia spika kubwa na taa. Kwa maoni yangu wanaanzia mwisho. Spika, amplifaya na jenereta vinakodishwa kwa siku. Cha kumiliki kwanza ni laptop iliyo imara, hedifoni na kontrola ya njia mbili, kama DDJ-400 ya Pioneer DJ iliyotoka 2018, hata ikiwa ya mtumba.

Wapo wanaovuka kununua Nakonde wakiamini eneo huru la biashara la SADC, lililoanza 2008, litawaondolea ushuru. Nafuu hiyo ni ya bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Kontrola iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Zambia kwa kuuzwa Nakonde, na VAT ya asilimia 18 inaisubiri upande huu. Hesabu hiyo ipigwe kabla ya safari.

Kontrola nyingi ndogo hutumia umeme wa laptop kupitia waya wa USB. Umeme ukikatika, laptop na kontrola vinaendelea kwa betri huku spika zikinyamaza, kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye ukumbi liwe jenereta. Jambo la pili ni taa za sauti kwenye kontrola. Ziache kwenye kijani. Zikishika nyekundu, sauti imeshaharibika kabla ya kufika kwenye spika, na fundi mitambo hawezi kuirekebisha kwa kupunguza volyumu.

Sasa mkono wenyewe. Nyimbo nyingi za kucheza hubadilika kila baada ya biti 32: sauti inaingia, ngoma inatoka, kiitikio kinaanza. Anayeanza wimbo wa pili katikati ya mzunguko huo ataziacha nyimbo mbili zigombane hata kama spidi zinalingana. Hesabu kwenye hedifoni, achia wimbo wa pili kwenye biti ya kwanza ya mzunguko mpya, huku besi yake umeifunga kabisa. Mzunguko ukiisha, funga besi ya wimbo unaotoka na ufungue ya unaoingia kwa wakati mmoja. Besi mbili zikipiga pamoja ukumbi unavuma na maneno hayasikiki. Zoezi hili moja, likirudiwa mpaka mikono ilizoee, lina faida zaidi kuliko athari zote za sauti zilizomo kwenye programu.

Mpakani spidi ni suala la kibiashara. Meza moja inataka kalindula ya Zambia, ya pili amapiano, vijana wanasubiri singeli. Amapiano hutembea karibu na biti 112 kwa dakika, na singeli hupita 200. Kuruka moja kwa moja kunaacha pengo ambalo wachezaji hulitumia kwenda kukaa. Lakini 112 mara mbili ni 224: singeli ya biti 220 inahitaji kuongezwa chini ya asilimia 2 tu, ikakaa juu ya amapiano, biti zake mbili kwa kila moja. Hapo kitufe cha kulinganisha spidi kinaweza kukuangusha, kwa sababu programu inaweza kukosea kusoma spidi ya singeli. Kitumie kazini ukitaka, ila mazoezini kiache, na funika skrini.

Bei nayo ina kanuni zake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii ambaye wimbo wake unapigwa hadharani, kwa hiyo ijulikane mapema ni ukumbi au DJ anayeshughulikia leseni. Chukua advansi kabla ya kufunga tarehe, kwani Jumamosi uliyoizuia haiuzwi tena. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha, mradi useme saa ya kuanza, saa ya kumaliza, malipo ya kila saa ya ziada, na nani ananunua mafuta ya jenereta.