Mtu Hujijua kwa Kujongea

Fumba macho, kisha gusa pua yako. Kidole hakikupotea, sivyo? Kila unapojongea, misuli na viungo huupasha ubongo habari. Ndiyo maana unajua mkono huu ni wako.

Mwaka 1971 Ian Waterman, kijana Mwingereza wa miaka 19 aliyefanya kazi bucha, aliugua akapoteza hisia hiyo kuanzia shingoni kwenda chini. Nguvu alikuwa nazo, lakini hakujua mikono yake iko wapi. Alijifunza upya kukaa na kutembea kwa kuutazama mwili wake.

Sisi umeme ukikatika tunapapasa kiberiti. Yeye taa zilipozimika alianguka. Basi, mwili si gari la kutubeba tu. Ndio unaotuambia tupo.