SOMA NAMBA KABLA YA KUNUNUA DARUBINI

Tuseme wewe ni mjumbe wa kamati ya uhifadhi wa msitu katika shehia yenu. Kamati imekusanya fedha kidogo kidogo mpaka zimetosha. Wenzako wamekuchagua wewe na mjumbe mwingine mwende mjini kununua darubini ya doria.

Mmepanda gari asubuhi. Sasa mmeshuka Michenzani, karibu na yale majumba marefu. Mnaingia katika duka la vitu vilivyotumika. Muuzaji anaweka darubini 3 juu ya meza. Anainua ile kubwa kuliko zote, anasema: "Chukueni hii, jamaa zangu. Hii inavuta mara 20!"

Je, mtainunua?

Msifanye haraka. Fedha mlizoshika ni za watu wote. Tena darubini isiyofaa itawafanya mdhani mmeona, kumbe hamkuona. Wewe sasa unajua kusoma. Basi tumia kisomo chako hapo hapo dukani.

NAMBA 2 ZINASEMA NINI?

Tazama mwili wa darubini. Utaona namba 2, na katikati yake alama ya mara. Kwa mfano, 8x30, au 7x50, au 20x50.

Namba ya kwanza inasema darubini inavuta mara ngapi. Ikiwa ni 8, mnyama aliye mbali mita 80 utamwona kama yuko mita 10 tu.

Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Kioo hicho ndicho mlango wa mwanga. Kikiwa kipana, mwanga mwingi huingia. Kikiwa chembamba, mwanga huingia kidogo.

Sasa fanya hesabu ya kugawa. Chukua namba ya pili, uigawe kwa namba ya kwanza. Jibu lake ni upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako.

Darubini ya 8x40: 40 gawa kwa 8 ni 5. Mwanga una upana wa milimita 5.

Darubini ya 20x50: 50 gawa kwa 20 ni 2 na nusu. Mwanga una upana wa milimita 2 na nusu tu.

Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujifunga, hata ikawa milimita 2 au 3. Kwa hiyo mchana hutaona tofauti kubwa. Lakini magharibi ikiingia mboni hufunguka. Kwa kijana inaweza kufika milimita 7. Kwa mtu mzima mara nyingi hufika 5 tu. Hapo ndipo ile ya mara 20 itakapokuonyesha giza, na ile ya mara 8 itakuonyesha mnyama. Na mtu wa doria hutembea alfajiri na magharibi.

INAYOVUTA SANA HUTIKISIKA SANA

Kuna jambo la pili. Darubini haivuti mnyama peke yake. Huvuta na mtikisiko wa mkono wako. Ukishika darubini ya mara 20 kwa mikono mitupu, utaona kitu kinarukaruka kama dau katika mawimbi. Darubini ya namna hiyo hutaka kuwekwa juu ya miguu 3. Nani atabeba miguu hiyo katika maweni?

Kwa mikono ya kawaida, mara 7 au mara 8 zinatosha. Mara 10 ndiyo mwisho kwa watu wengi.

Tazama pia uzito. Darubini ya 7x50 huonyesha vizuri sana wakati wa giza, na mabaharia huipenda. Lakini mara nyingi uzito wake ni karibu kilo 1. Ya 8x30 mara nyingi ina kama nusu kilo. Ukiivaa shingoni kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, utaijua tofauti hiyo bila ya mizani. Kitu kizito huachwa nyumbani, na darubini iliyoachwa nyumbani haioni kitu.

DARUBINI YA BUNDUKI

Huenda msasi mmoja kijijini akasema: "Kwa nini tusinunue darubini ya kufungwa juu ya bunduki?"

Katika nchi za milima mirefu, wasasi hutumia bunduki nyepesi zenye darubini ndogo juu yake. Nao pia husoma namba. Kwa mfano, 3-9x40 maana yake inaweza kuvuta kutoka mara 3 mpaka mara 9, na kioo chake ni milimita 40. Wasasi hao huchagua iliyo nyepesi, kwa sababu wanapanda mlima siku nzima. Huchagua pia ile inayoacha nafasi ya kama sentimita 9 baina ya jicho na kioo. Nafasi ikiwa ndogo, bunduki ikirudi nyuma darubini hupasua kipaji cha uso.

Lakini Unguja haina milima. Sehemu yetu iliyoinuka zaidi haifiki mita 150, na Kilimanjaro ina mita 5,895. Misitu yetu imefungana, na mnyama huonekana karibu. Darubini ya bunduki ina kazi ndogo hapa.

Tena iko sababu kubwa zaidi. Ukitazama kwa darubini ya bunduki, mdomo wa bunduki unaelekea pale unapotazama. Kichaka kikitikisika, utakuwa umemwelekezea bunduki kitu usichokijua. Je, ikiwa ni mama anayekata kuni? Je, ikiwa ni mtoto anayetafuta mbuzi wake? Kwa hiyo kumbuka: darubini ya mkono ni ya kutafuta na kutambua. Bunduki si ya kutazamia.

NI PAA GANI YULE?

Kutambua ni kazi kubwa hapa kwetu. Tunaye paa nunga. Mnyama huyu anapatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya.  Amekuwa adimu kwa sababu ya kuwindwa na kwa sababu misitu imekatwa. Sheria inamlinda.

Yuko pia paa mwingine mdogo, ambaye wataalamu humwita suni. Mtu akiwaona kwa mbali wanapita vichakani, anaweza kuwachanganya. Lakini ukiwa na darubini nzuri, tazama alama hizi. Paa nunga ni mwekundu, ana mstari mweupe kwenye mapaja nyuma, na madoadoa meupe miguuni. Suni ni mdogo zaidi, rangi yake ni ya kijivu na hudhurungi, wala hana mstari ule mweupe.

Mstari huo mweupe ndio unaosema ni paa gani. Darubini yenye giza haitauonyesha. Na kamati ikiandika katika daftari kwamba imeona paa nunga 5, kumbe ni suni, hesabu ya msitu imeharibika.

IJARIBU NJE YA DUKA

Sasa turudi Michenzani. Mwombe muuzaji mtoke nje. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Yale majumba yalijengwa katika miaka ya 1970, kwa mpango wa Mzee Abeid Amani Karume, na wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki walisaidia. Ni marefu na yamenyooka kama yamepigwa rula. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujaribu darubini. Lakini tazama pembe za nyumba na mistari ya paa. Usitazame madirisha ya watu. Hiyo si adabu.

Fanya majaribio haya:

1. Tikisa darubini taratibu. Ikilia ndani, kuna kitu kimelegea. Iache.

2. Igeuze, utazame ndani kupitia kioo kikubwa. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huleta kuvu upesi. Iache.

3. Tazama ukingo wa paa kwa macho 2. Ukiona paa 2, au macho yakiuma, darubini hiyo imewahi kuanguka na vioo vyake vimepinda. Iache.

4. Tafuta ubao wa duka ulio mbali. Zungusha gurudumu la katikati polepole. Soma herufi. Kama herufi hazisomeki sawasawa, mstari wa paa nunga hutauona.

5. Ishike mbali na uso, uielekeze kwenye mawingu. Utaona viduara 2 vya mwanga. Viwe vya mviringo na vyeupe. Visiwe vimekatwa pembeni.

Darubini ya zamani si lazima iwe mbaya. Ujerumani ya Mashariki ilikwisha mwaka 1990, lakini darubini zilizotengenezwa huko na kiwanda cha Carl Zeiss Jena bado zinatumika. Nyingi ni za 8x30. Ikitunzwa, darubini huishi kuliko mwenyewe.

Onyo moja kubwa: usitazame jua kwa darubini, hata mara moja. Jicho litaharibika, wala halitarudi.

MKIISHA KUINUNUA

Mkifika kijijini, wekeni utaratibu. Darubini iwe na mtunzaji mmoja. Anayeichukua aandike jina lake na tarehe katika daftari. Vioo vikiingia mchanga, pulizeni kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa laini cha pamba. Msipanguse kwa ncha ya kanga yenye vumbi, kwani mchanga hukwaruza kioo. Msiifungie sandukuni ikiwa na unyevu. Ivaeni shingoni kwa ukanda wake kila wakati.

Basi mrudishieni muuzaji ile ya mara 20. Mwulizeni kama ana 7x35, 8x30 au 8x40. Ijaribuni, kisha ndipo mzungumze bei. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Darubini imeandikwa 7x35. Inavuta mara ngapi? Kioo chake kina upana gani? Gawa, utaje upana wa mwanga.

2. Kwa nini si vizuri kutafuta mnyama kwa darubini ya bunduki?

3. Taja alama 2 za paa nunga.

4. Katika kijijini kwenu, nani anafaa kuitunza darubini ya kamati? Kwa nini?