Shauri la Tajiri na Mfanyakazi: Somo Kutoka Kitai

Mwanachama atauliza: Kitai ya Mbinga, nchi ya kahawa na makaa ya mawe, inatuhusu nini sisi wenye mikarafuu? Inatuhusu, kwani sisi nasi ni matajiri wenye vibarua.

Huko Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mtu akifukuzwa kazi Kitai haendi moja kwa moja Mahakama Kuu. Hupeleka lalamiko lake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mjini Songea, tena ndani ya siku 30. Kwanza wawili hao husuluhishwa. Wasipopatana, mwamuzi husikiliza na kutoa tuzo. Asiyeridhika ana wiki 6 za kuiomba Mahakama Kuu iipitie tuzo ile.

Mahakama Kuu imeshika mambo mawili. Aliyechelewa sharti aeleze sababu ya kila siku aliyochelewa. Akishindwa, haki yake hupotea hata kama alionewa. Na tajiri ndiye wa kuthibitisha kuwa sababu ya kufukuza ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Asipoonyesha mapatano ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa humwangukia yeye.

Visiwani tuna sheria zetu, ya Ajira na ya Mahusiano Kazini, zote za 2005. Lakini ushahidi ni ushahidi popote. Basi kabla mchumaji hajapanda mkarafuu, tuandike jina lake, ujira wake kwa pishi na siku ya kulipwa. Naye asomewe asikie. Mali bila daftari hupotea bila habari.