Kura Si Kanuni ya Imani



Wapendwa wasikilizaji, masomo ya Jumapili ya 29 ya Mwaka A yanatuonyesha watawala wawili wasiomjua Mungu wa Israeli. Katika Injili, Bwana wetu anaulizwa habari za kodi ya Kaisari. Katika somo la kwanza, nabii Isaya anamtaja Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwa mpakwa mafuta wa Bwana. Kwa amri ya mfalme huyo mpagani Wayahudi walirudi Yerusalemu. Lakini Koreshi hakupigiwa kura na mtu. Je, Mkristo mwenye kura mkononi aweza kumkabidhi madaraka mtu ambaye imani yake anaiona kuwa imepotoka?

Swali hilo liliwasumbua sana Wakristo wa kiinjili wa Marekani. Mitt Romney, gavana wa Massachusetts tangu 2003 hadi 2007, aliomba uteuzi wa Chama cha Republican kugombea urais. Mwaka 2008 aliukosa. Mwaka 2012 aliupata. Yeye ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi huwaita Wamormoni.

Wasiwasi wa ndugu hao haukuwa wa bure. Kanisa hilo, lililoanzishwa na Joseph Smith mwaka 1830, hukipokea Kitabu cha Mormoni kuwa Maandiko pamoja na Biblia. Hufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu waliotengana, na kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Hiyo siyo imani ya Utatu Mtakatifu tunayoiungama. Ndiyo maana mwaka 2001 Roma ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali. Makatekista wakumbuke: Mmormoni anayeomba kuingia katika Kanisa letu hubatizwa.

Wengine walihofu kwamba kumchagua Romney ni kuyapa mafundisho hayo heshima mbele ya vijana wao. Wengine walijibu kwamba wanamchagua rais, si mchungaji, na kwamba Katiba ya nchi yao, katika Ibara ya 6, inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili apewe wadhifa wa serikali. Mwezi Desemba 2007, huko Texas, Romney mwenyewe alieleza kwamba viongozi wa kanisa lake wasingemwamulia mambo ya urais. Wala hakuikana imani yake.

Sisi Wakatoliki tusilisikilize jambo hili kama watazamaji tu. Mwaka 1960 aliyepimwa alikuwa mtu wetu. Wachungaji wengi wa Kiprotestanti waliogopa kwamba John Kennedy angepokea amri kutoka kwa Baba Mtakatifu, hata ikambidi tarehe 12 Septemba asimame mbele ya wachungaji wa Houston kujieleza. Lakini Januari 2012 viongozi wa kiinjili waliokutana Texas walimwunga mkono Rick Santorum, naye ni Mkatoliki! Hofu ya jana ilikuwa imeyeyuka. Romney alipopata uteuzi, wengi wao walimgeukia kwa sababu ya msimamo wake juu ya utoaji mimba na ndoa. Tarehe 6 Novemba 2012, karibu 8 kati ya kila wapiga kura 10 wa kiinjili walio weupe walimpa kura, ingawa alishindwa na Barack Obama.

Je, walikosea? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Uhuru wa Dini la mwaka 1965, ulifundisha kwamba usawa wa raia mbele ya sheria usivunjwe kwa sababu ya dini. Basi kumpima mgombea kwa haki, ukweli na utetezi wa wanyonge ni halali, hata kama hasali pamoja nasi.

Hatari iko upande wa pili. Oktoba 2012, Romney alimtembelea mhubiri Billy Graham huko North Carolina. Baada ya ziara hiyo, shirika la mhubiri huyo liliyaondoa katika maandiko yake ya hadharani maneno yaliyowahesabu Wamormoni miongoni mwa vikundi vya dini vilivyopotoka. Hatuhukumu mioyo. Hata hivyo muumini wa kawaida ana haki ya kuuliza: fundisho lililokuwa kosa jana, leo limekuwa nini? Kama maneno yale yalikuwa makali kupita kiasi, upendo ungalitosha kuyalainisha siku zote, bila kungoja majuma machache kabla ya kura.

Ndugu wapendwa, siku ya uchaguzi hatuungami Kanuni ya Imani. Tunamchagua mtumishi wa wote. Tusimnyime mtu kura kwa sababu tu ni wa dini nyingine, wala tusimpe kwa sababu tu ni wa kigango chetu. Na katekista akiulizwa jirani yetu anaamini nini, ajibu kwa upole na kwa ukweli mzima, kabla ya kura na baada ya kura. Sarafu ina sura ya Kaisari, basi arudishiwe. Dhamiri yetu ina sura ya Mungu. Hiyo tusimpe mgombea yeyote.

Mungu awabariki. Amina.