NYENDO ZA WATU NA HOMA INAYOVUKA BAHARI

Anayesimama gatini Malindi wakati boti ya kutoka Dar es Salaam inafunga kamba huwaona watu wakishuka kwa makundi: wachuuzi na mizigo yao, wanafunzi wanaorudi likizo, watumishi wa Serikali na mikoba yao, vijana waliokuwa vibarua katika mashamba ya Bara. Kwa jicho la kawaida wote hao ni abiria wa boti moja. Lakini kwa mtu aliyepewa dhamana ya kuvilinda visiwa hivi na malaria, watu hao hawalingani hata kidogo. Aliyelala usiku mmoja Kariakoo si sawa na aliyelala siku arubaini katika kambi ya shambani penye mbu wengi, ijapokuwa wote wawili wamepita daraja moja na wamekata tiketi ya bei moja. Tofauti yao imo katika mambo mawili yasiyoonekana kwa macho: wametoka mahali gani hasa, na walikaa huko muda gani.

Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, na hasa viongozi wanaokaa kupanga mipango, juu ya elimu ya kuchungua nyendo, yaani elimu inayotazama mahali na wakati kwa pamoja bila ya kuvitenganisha. Wataalamu wa ramani za kompyuta wameifanya kuwa tawi zima la taaluma yao, na tunajua wako miongoni mwetu wanaoiona kuwa ni mchezo wa watu wenye mitambo ya ghali. Sisi hatukubaliani na fikra hiyo. Wazee wetu waliijua elimu hii kabla ya mtu yeyote kuipa jina. Nahodha wa jahazi alihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi, kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, akajua ni lini kaskazi italegea na ni lini kusi itaifunga bahari. Kwake yeye njia ya kwenda Lamu haikuwa mstari mmoja uliochorwa. Ilikuwa njia moja katika Januari na nyingine kabisa katika Juni. Na kina mama wanaokwenda pwani kuokota chaza na kombe hawahitaji kufundishwa kwamba mwamba ule ule ni njia kavu saa hii na ni kilindi baada ya saa sita, wala kwamba bamvua si maji mafu.

Walichokosa wazee hao ni kuyaweka yote hayo katika karatasi ili mtu mwingine ayaone kwa mara moja. Huko Marekani ofisa mmoja wa jeshi la majini, Matthew Fontaine Maury, alikabidhiwa mwaka 1842 bohari ya ramani na vyombo vya jeshi hilo. Akakuta humo marundo ya daftari za safari ambamo manahodha waliandika kila siku mahali walipo, upepo uvumao na mkondo wa maji. Wengine waliziona kuwa ni karatasi za kuliwa na mchwa. Yeye akazikusanya, akalinganisha mahali na miezi, na mwaka 1847 akatoa ramani ya pepo na mikondo ya Atlantiki ya Kaskazini. Meli zikaanza kufupisha safari zao kwa maarifa ya manahodha ambao wengi wao walikuwa hawajui kuwa wanafundisha mtu.

Mfano wa pili ni wa huzuni zaidi. Mwaka 1869 mhandisi mzee wa Kifaransa, Charles Joseph Minard, alichora safari ya jeshi la Napoleon kwenda Urusi katika mwaka 1812. Jeshi lilichorwa kama ukanda, na kila milimita moja ya upana ilisimama badala ya watu elfu kumi. Ukanda unaanza mpakani ukiwa na watu 422,000, unafika Moscow na 100,000, na unarudi ukiwa uzi mwembamba wa watu 10,000. Chini yake uliwekwa mstari wa baridi wakati wa kurudi. Hatujui hotuba ya kulaani vita inayoweza kusema zaidi ya ukanda ule. Hata hivyo tuseme kweli: mchoro huo una kasoro, kwani wakati wa kwenda hauonyeshi tarehe, na mtazamaji hawezi kujua jeshi lilitembea upesi wapi na lilikawia wapi.

Kasoro hiyo ndiyo aliyoishughulikia Torsten Hägerstrand, mwanajiografia wa Sweden aliyefundisha Chuo Kikuu cha Lund, katika maandishi yake mashuhuri ya mwaka 1970. Fikra yake ni nyepesi kuielewa. Chukua ramani ya Unguja na Pemba, itandike mezani. Sasa uhesabu urefu wa kwenda juu, kutoka mezani hadi dari, kuwa ndio wakati: mezani ni alfajiri, darini ni usiku. Mtu aliyekaa nyumbani kutwa anakuwa mstari uliosimama wima kama mlingoti. Anayekwenda sokoni kwa miguu mstari wake unainama kidogo. Anayepanda gari mstari wake unalala zaidi, kwa sababu amekwenda mbali kwa muda mchache. Mistari miwili ikikutana mahali pamoja na kimo kimoja, watu wawili wameonana. Ikivuka mahali pamoja katika vimo tofauti, wamepishana tu.

Faida ya fikra hii kwa mpangaji ni kubwa kuliko uzuri wake. Tuseme mama wa Kojani ana mtoto mgonjwa, na kituo cha afya anachokitegemea kiko ng'ambo na kinafungwa saa tisa alasiri. Katika ramani ya kawaida masafa yake ni mafupi sana, na ofisa wa mipango aliye mjini ataandika kwamba huduma ipo karibu. Lakini mama huyo hafungwi na maili. Hufungwa na mashua itakapopatikana, maji yatakapojaa, wadogo aliowaacha nyumbani na saa ya kufungwa mlango. Ukiweka wakati ndani ya ramani, kituo kilicho karibu huweza kuonekana kuwa hakifikiki. Tumewahi kuoneshwa katika ofisi moja, ambayo hatuitaji, ramani kubwa ukutani iliyojaa nukta nyekundu za wagonjwa. Tukauliza nukta hizi ni za mwezi gani. Tukajibiwa kuwa ni za "wakati wote". Ramani hiyo ilikuwa pambo.

Turudi kwenye malaria, kwani hapa visiwa vyetu vimekuwa skuli ya ulimwengu. Kampeni ya kuiangamiza malaria ilianza mwaka 1958 ikaendelea mpaka 1968. Homa ikashuka sana, kazi ikasimamishwa, na katika miaka ya sabini ikarudi kama kwamba hapakufanywa kitu. Mara nyingine, tangu mwaka 2003 zilipoletwa dawa mpya za mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani kuanzia 2006, ugonjwa ulishuka hadi chini ya mtu mmoja katika kila watu mia. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halikuwa na maana wakati mbu wetu wenyewe walikuwa wengi wa maradhi: je, vijidudu vinavyobakia vinaletwa na nani, na kutoka wapi?

Mwaka 2009 Andrew Tatem na wenziwe walitangaza utafiti uliojaribu kulijibu swali hilo kwa kutumia kumbukumbu za simu za mkononi. Walizichukua kumbukumbu za miezi mitatu, Oktoba hadi Disemba 2008, za watumiaji 770,369, bila ya majina. Kila mtu anapopiga simu mtambo huandika saa na mnara uliomhudumia. Simu ya leo ikipita mnara wa hapa na ya kesho ikipita mnara wa Bara, safari imeonekana bila ya mtu kuulizwa. Watafiti wakazihesabu siku alizokaa kila msafiri huko alikokwenda, wakazipachika juu ya ramani ya hatari ya malaria ya nchi nzima.

Matokeo yake yanafaa kusomwa polepole. Sehemu kubwa ya safari zilikuwa fupi na za kwenda Dar es Salaam, mji ambao hatari yake ya malaria ni ndogo ukilinganisha na mashamba. Wingi wa watu wale, ambao mtu aliyesimama gatini angewahofia kwanza kwa sababu ya wingi wao, hawakuwa tatizo kubwa. Waliohesabiwa kuwa na hatari zaidi ni wachache waliokwenda maeneo yenye maambukizo makali. Kwa jumla watafiti walikadiria maambukizo 1.6 yanayoletwa na wakaazi wa Zanzibar kwa kila wakaazi 1,000 kwa mwaka. Katika watu milioni moja ni maambukizo 1,600. Mbu wa malaria huuma usiku. Kwa hiyo kipimo cha kweli si safari ngapi zimefanywa. Ni usiku mangapi yamelalwa, na wapi. Yeyote anayeleta mezani hesabu ya abiria peke yake, akaiita hatari ya malaria, amehesabu kitu kingine.

Isidhaniwe kuwa simu inajua kila kitu. Mtoto mchanga hana simu, naye ndiye anayeumizwa zaidi na homa hii. Katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu wanne. Katika mifuko mingi mtu mmoja hubeba laini tatu. Simu iliyozimwa haina mahali. Na kumbukumbu za kampuni moja ni za wateja wake, si za umma wote. Mchoro unaotokana na vitu hivi, hata ukiwa na rangi za kupendeza, unarithi mapengo yake yote.

Liko jambo la pili, zito zaidi, ambalo sisi tunaliweka mbele ya viongozi bila ya kulizungusha. Kuondoa majina hakutoshi kumficha mtu. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenziwe walichungua nyendo za watu milioni moja na nusu kwa miezi kumi na tano, katika kumbukumbu za simu zisizo na majina. Wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Katika kisiwa ambacho kila mtu anajua mwenziwe anasali wapi na anauza wapi, hata nukta mbili huenda zikatosha. Mwenye daftari hilo anajua nani amelala nyumba ya nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, na maofisa wanaoomba takwimu za simu kwa nia njema ya afya wanapaswa kuisoma kabla ya kuandika barua. Tunashauri waombe majumla tu: kutoka wilaya hii kwenda mkoa ule, usiku mangapi, watu wangapi. Kazi ya malaria haihitaji zaidi ya hapo, na safari za mtu mmoja mmoja zibakie kuwa zake.

Majumla hayo yana faida nyingine hata kwa jicho. Ukichora safari za watu laki saba kila moja kwa mstari wake, utapata sahani ya tambi. Natalia na Gennady Andrienko, walioandika kwa urefu juu ya elimu hii katika kitabu chao cha mwaka 2013, wanasisitiza kazi ya kukusanya na kupanga kabla ya kuchora: nyendo zinazofanana ziwekwe fungu moja, siku za kazi zitengwe na siku za mapumziko, misimu itengwe na misimu. Kwetu sisi maana yake ni kwamba mwezi wa Ramadhani, msimu wa karafuu na masika havichanganywi katika wastani mmoja wa mwaka.

Na baharini pia tuna deni. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, imepakia kupita kiasi, na swali la kwanza lililoulizwa na kila nyumba, waliokuwamo ni wangapi, halikuwa na jibu la hakika. Vyombo vya kutangaza mahali meli ilipo vinatumika duniani. Meli iliyo safarini hutoa taarifa kila baada ya sekunde chache. Lakini chombo hicho hutaja mahali pa meli, hakihesabu roho zilizomo. Hesabu hiyo hufanywa na mtu aliyesimama penye daraja na daftari lake, na akipunguza jina moja kwa kupokea fedha kidogo pembeni, hakuna kompyuta itakayolirudisha.

Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 idadi ya wagonjwa wa malaria visiwani ilipanda ghafla. Tangu mwaka 2012 maofisa wa wilaya wamekuwa wakimfuata mgonjwa hadi nyumbani, kwa pikipiki na kompyuta ndogo ya mkononi, wakimuuliza alisafiri wapi. Tunawapongeza kwa kazi hiyo, nayo ni ya jasho. Ila swali lao huja baada ya homa kupanda, na pengine baada ya mbu wa jirani kushiba. Tiketi ya boti tuliyonayo mezani wakati tunaandika makala haya ina jina la abiria na saa ya kuondoka. Hapana nafasi ya kuandika alikolala wala siku alizolala huko. Nafasi hiyo ingekuwa na upana wa vidole viwili, na karani angeijaza wakati abiria anatafuta chenji.